Tunataka kuhama Dar tukaishi kijijini kando ya bahari: Ushongo, Kilwa Masoko, Mikindani au Mlingotini?

mama_cherehani
Habari zenu wakuu. Mimi na mzee wangu Dar imetushinda, kodi, foleni, nyumba za kubanana mpaka unasikia jirani anavyokoroma, basi tumekaa tukasema watoto bado wako msingi bora tuhame sasa hivi. Tunataka kijiji cha pwani, sio mji, sehemu mtu unatoka nyumbani kwa miguu unafika bichi, na samaki unanunua bado anapapatika. Mzee ni fundi umeme, mimi nashona, kwa hiyo hatutafuti ajira ya mtu. Hela ya kiwanja ipo ila ya kawaida, sio ya zile ploti za bichi za kwenye matangazo.

Mpaka sasa tuna majina manne, Ushongo ya Pangani, Kilwa Masoko, Mikindani na Mlingotini ya Bagamoyo. Kinachotuumiza kichwa ni kwamba mtoto wetu wa pili ana pumu, kuna usiku ni kukimbizana na hospitali, na mama mkwe ana presha anakuja kukaa na sisi. Wote watu wa bara, mzee Singida mimi Songea, bahari tunaijua ya Kigamboni siku ya Iddi. Mnaoishi huko naomba ukweli, msitupambe.

bwana_kusi
Dada karibu sana kusini. Mimi mtu wa Kilwa kwa hiyo nikisifia kwetu unisamehe, Masoko bichi ya Jimbiza iko hapo hapo, Kilwa Kisiwani unaiona ng'ambo, na tangu waanze kujenga bandari ya uvuvi fundi umeme hawezi kukosa kazi. Ila umesema pumu, na hapo sikufichi. Hospitali ya wilaya ya Kinyonga iko Kivinje, sio Masoko, so usiku wa manane ni kutafuta gari kwanza. Na barabara yetu ya kwenda Dar ikikatika imekatika, Mei 2024 kimbunga Hidaya na zile mvua barabara ililiwa pande za Somanga, mabasi yakabaki huku na huku. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa inhela ikiisha hiyo inhela?

Mpare_wa_Magomeni
Mtarudi Dar kabla ya masika kuisha 😂 watu wa bara mnapenda bahari ya picha

korosho_begani
Mpuuze huyo dada. Mimi nipo Mikindani nimehamia kutoka Iringa na sijarudi kokote.

Kwa habari ya hospitali Mikindani inawapiku wote kwenye listi yako. Mtwara mjini ni kama kilomita 10, hospitali ya mkoa ya Ligula iko huko, na ya rufaa ya kanda ya kusini ipo Mitengo, bodaboda inafika. Wateja wa kushona wapo ila ujue hela ya huku inakwenda na korosho. Minada ikianza kuanzia Oktoba huko watu wakalipwa, utashona mpaka uchoke, harusi na unyago na sare za shule vyote vinakuja pamoja. Ikifika Mei Juni unakaa na cherehani mnatazamana. Ukishindwa kuweka akiba hiyo miezi mitatu minne ya neema huku hutokaa.

Sasa bichi. Ghuba ya Mikindani nzuri kuitazama, majahazi, nyumba za kale za mawe, lakini sio ya kuogelea, maji yakipwa ni tope tupu na mikoko. Mchanga mweupe ule wa kwenye picha uko Msimbati, na Msimbati ni safari. Kama watoto wanataka kuogelea kila jumapili mtakuwa mnaenda Shangani mjini. Hiyo ndo kasoro yake na mimi nimeikubali.

fundi_makuti
Wote mnaongelea bichi hakuna anayeuliza maji ya kunywa. Dada popote utakapokwenda kitu cha kwanza onja maji ya kisima, tena yaonje mwishoni mwa kiangazi, sio masika. Pwani kisima kinaweza kuwa kitamu masika kikageuka chumvi kiangazi, na wenye nyumba wanalijua hilo ndo maana wanapenda kuonyesha nyumba mvua ikinyesha. Uliza akina mama wanateka wapi, ukiona wanapita visima viwili wanakwenda cha tatu, jibu unalo.

La pili upepo wa chumvi. Mzee kama ni fundi umeme ataona mwenyewe, soketi, breka, misumari ya bati, pasi, cherehani, kila chuma kinaliwa. Cherehani zako zikae chumba kisichoangalia bahari na mafuta kila wiki. Nyumba iwe nyuma kidogo, nyuma ya minazi, wazee wa pwani hawakujenga kwenye mchanga na hawakuwa wajinga. Na fundi akikwambia achanganye zege kwa mchanga wa baharini kwa kuwa uko bure, mfukuze, nondo zitaoza ndani kwa ndani nyumba ianze kupasuka.

hati_kwanza
Naongezea hapo kwenye kujenga nyuma. Sio busara tu, ni sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia kiwanja "mguu ndani ya maji" jua anakuuzia kesi. Mikoko nayo usiiguse, ni msitu wa hifadhi.

Na ardhi ya kijiji haiuzwi na mtendaji peke yake chini ya mwembe. Kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, maombi yanapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, kuna muhtasari, kuna majirani kuweka sahihi mipaka. Nimeona kijiji kimoja kipande kile kile kimeuzwa kwa watu watatu na wote wana karatasi yenye muhuri. Mlingotini mimi ningeitoa kwenye listi moja kwa moja, Mlingotini na Pande yameguswa na mambo ya mradi wa bandari na ukanda wa uwekezaji miaka mingi sasa, mpaka ujue kipande chako kiko ndani au nje ya ramani utakuwa umezeeka. Halafu bei tayari ni ya Dar.

mama_cherehani
Jamani asanteni, hili la kisima sikulifikiria kabisa. @korosho_begani hapo kwenye bichi ya tope umenikata stimu kidogo lakini bora umesema. Hakuna mtu wa Pangani humu?

dagaa_mchele
Nipo. Ushongo kwa bichi dada hakuna wa kubisha, mchanga mrefu, minazi, kisiwa cha Maziwe mbele, kasa wanataga. Lakini iko ng'ambo ya mto, wewe na hospitali mko pande mbili za maji, miaka yote ni pantoni ya Bweni ndo maana wakaamua kujenga daraja. Na vile mahoteli yapo, ardhi ya mbele wameshaiwahi wenye hela.

Ningekuwa wewe ningeangalia Kigombe. Iko barabara ya Tanga kwenda Pangani, katikati, upande huu wa mto, hospitali ya Bombo Tanga mjini unafika bila kuvuka kitu. Kijiji cha wavuvi kweli kweli, bichi ipo, mashamba ya mkonge nyuma. Nitakwambia na ubaya wake, dagaa wakianikwa harufu inaingia mpaka kwenye chai, na hela ya kijiji inafuata mwezi, kwenye giza wavuvi wanatoka na taa wanarudi na hela, mbalamwezi ikiwa kubwa kila mtu anakopa. Ukianza kushona kwa mkopo weka daftari.

bi_mkubwa_tanga
Mwanangu wamekwambia maji, ardhi, hospitali, mimi nikwambie watu. Pwani ukihamia usijifungie. Msiba ukitokea nenda, hata humjui marehemu, kaa na wanawake wenzio jikoni ukune nazi. Kanga mbili ziwe karibu na mlango. Bichi ya kijijini sio Coco Beach, ndo dikoni, wanapofikia wavuvi na vyombo vyao, na kazini kwao, usipite na vazi la kuogelea kwenye mnada wa samaki, na Ramadhani usile barabarani hata kama we mkristo, hakuna atakayekukataza ila watakuona. Salamu usiikate, shikamoo kwa kila mwenye mvi. Watoto utaona wamejua lugha ya bahari kabla yenu, ila wakiogelea waende na watoto wa pale wanaojua mkondo, kusi ikivuma bahari haina mwenyewe.

Na msinunue chochote mwaka huu. Pangeni chumba na sebule kwanza.

Mpare_wa_Magomeni
Bibi kaongea. Sasa mimi nimenyamaza

mama_cherehani
Shikamoo mama, nimekusikia. Nimekaa na mzee usiku tumesoma uzi wote, Mlingotini tumefuta, Kilwa roho inauma ila kwa sababu ya mtoto tumeiacha. Tumebaki na Kigombe na Mikindani, na mzee anavutia Kigombe kwa sababu ya barabara. Tunataka kwenda kupanga, tukae masika ile tuone na kiangazi tuonje hayo maji. @dagaa_mchele hivyo vyumba vya kupanga vipo kweli au kila mtu anakaa kwao?

dagaa_mchele
Vipo vichache, havina tangazo. Shuka stendi, muulize mwenyekiti wa kitongoji, usiende na dalali kutoka mjini atakuongezea bei hapo hapo. Njoo siku za giza utukute kazini, na mzee aje na testa yake, nyumba nyingi huku waya umefungwa na mtu aliyekuwa na haraka.

fundi_makuti
Na chupa ya maji tupu. Jaza kisimani, rudi nayo, chemshia chai.