Je, kila anachokipenda kijana lazima kimpatie kazi?

Mzazi wa Uyole: Mmeuliza iwapo vijana wanahitaji mambo ya kujifurahisha yasiyowaandaa kwa kazi yoyote. Kwangu jibu ni hapana, nami ni mkulima wa viazi ninayelipa ada. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa kusomea ujuzi wa kazi, ambamo hata muziki na michezo ni fani za kusomewa, kwa hiyo anayependa kuimba akasomee kuimba. Kijana anayemaliza Jumamosi nzima akipanda mlima Loleza na kurudi mikono mitupu ni mzururaji.

Mwalimu wa Tukuyu: Ndugu yangu, neno hilo la uzururaji limenichoma, kwa kuwa vijana wanaopanda milima nimewafundisha. Kumbuka kipunji, yule kima wa Mlima Rungwe ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 kwa kuwasikiliza wenyeji waliokuwa wakitembea msituni. Matembezi yale hayakuwa bure.

Dada wa Mafinga: Mwalimu, shikamoo. Wenyeji wale walikuwa wawindaji, hawakwenda msituni kujifurahisha. Isitoshe, mfano wako unampa ushindi mzee wa Uyole, maana unayatetea matembezi kwa faida iliyopatikana baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu, wala haimtaki mtoto aeleze mchezo wake utamletea nini. Linaloniuma mimi ni hiyo Jumamosi yenyewe. Kaka zetu wanapokwenda mlimani au uwanjani, sisi tunachota maji, tunafua na kubeba wadogo zetu mgongoni, halafu tunaambiwa wasichana hawana wanachokipenda.

Mzazi wa Uyole: Binti yangu, usinihukumu bila kuijua nyumba yangu. Mwanangu wa kike anaimba kwaya, anakwenda mazoezini jioni katikati ya juma, na sijawahi kumzuia hata wakati wa kuvuna.

Mwalimu wa Tukuyu: Je, anasomea muziki?

Mzazi wa Uyole: Anasomea uuguzi. Kwaya ni ibada, Mwalimu, usiichanganye na kupanda milima.

Kijana wa Iringa mjini: Wazee wangu, shikamooni. Ibada ni Jumapili. Mimi huimba besi, na jioni za mazoezi tunarudia mstari mmoja mpaka sauti zote nne zikae sawa. Pale hakuna anayetupa alama, na aliyefeli mtihani anasimama bega kwa bega na aliyefaulu. Nilipokuwa kidato cha nne tuliwekwa kambi ya masomo likizo nzima, asubuhi mpaka usiku, na kwaya ya shule ikafutwa kwa maelezo kwamba haitahiniwi. Wenzangu wawili waliokuwa hawajiwezi darasani walikuwa viongozi wa sauti. Baada ya kwaya kufutwa, hapakubaki mahali pale shuleni ambapo mtu yeyote aliwahitaji, na kabla ya mtihani wote wawili walikuwa wameondoka.