Tupeane uzoefu: baraza, madaka na viwanja vilivyotulea Lamu

Mwana wa Mkomani (mwenye mada)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ningependa kila mmoja wetu aandike hapa kuhusu mahali alipozoea kuketi na watu katika mji wetu: ni wapi, waliketi akina nani, na mahali hapo palimfaa nini yeye na jirani zake. Tangu mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni huja kuitazama milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Mimi nataka tuwakumbuke wanaoketi nje ya milango hiyo, kwa sababu naamini kwamba bila wao tungebaki na mawe matupu.

Naanza na Mkunguni, kile kiwanja kilicho mbele ya Ngome, karibu na soko, ambapo Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, unapumua kidogo baada ya wembamba wake wote. Chini ya kivuli cha miti hukaa wazee, wachukuzi na wenye punda, mabaharia waliotoka safari, na wale wanaongoja tu adhana. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na bao likichezwa, watazamaji huwa wengi kuliko wachezaji.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa akisafiri na jahazi la mizigo kwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate. Safari moja alichelewa kurudi, na mama hakunituma pwani kutazama matanga, alinituma Mkunguni. Nilimkuta nahodha aliyekuwa ndiyo kwanza ameteremka chomboni, naye akaniambia kwamba jahazi letu aliliona Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, limetia nanga likingoja maji yajae, kwa kuwa mlango ule haupitiki maji yakiwa yametoka. Nilirudi nyumbani mbio. Misiba pia hutangazwa hivyo hivyo: mtu akifariki usiku, waliotoka kuswali alfajiri hupita Mkunguni, na kabla jua halijapanda watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni wameshajua maiti atasaliwa msikiti gani.

Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, tulipowekewa kafyu ya usiku, niliuona uzito wa mahali hapa kwa kukosekana kwake. Wavuvi wa usiku walipoteza riziki, na hilo lilisemwa sana. Lililosemwa kidogo ni kwamba wazee waliozoea kukaa barazani baada ya Isha walijikuta wamefungiwa vyumbani, na baadhi yao, akiwemo babu yangu, walidhoofika mbele ya macho yetu.

Mstaafu wa Langoni

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeitaja Ngome kama ukuta wa nyuma ya kiwanja, nami nakuomba tuitazame vizuri zaidi. Ujenzi wake ulifuata Vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, ukakamilika mnamo mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Omani. Wakati huo ilikuwa ukingoni mwa bahari. Nyumba zinazoitenga na maji leo zilijengwa baadaye juu ya ardhi iliyojazwa.

Sisi wa rika langu tuliijua kama jela, kwa kuwa ilitumika hivyo hadi mwaka 1984. Tulipotumwa sokoni tulipita upesi bila kutazama mlangoni, na hata wazee walioketi kivulini waliupa mgongo. Baadaye ilipokuwa chini ya Makavazi ya Taifa, ikatiwa maktaba na ikaanza kupokea maonyesho na sherehe za mji, ilinichukua muda kuzoea kuingia. Leo wajukuu wangu huenda humo kusoma wakikaribia mitihani. Mimi hukaa nje nikiwangoja, nimeelekea mlango ule ule, na kila wakitoka na vitabu mkononi namshukuru Mwenyezi Mungu.

Kuhusu Msikiti wa Riyadha na Maulidi ya Mfungo Sita sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wetu anayajua: zefe, matari, mashindano ya punda na ya mashua. Nitaongeza tu kwamba siku hizo katika daka la nyumba yetu, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe, hulala wageni tusiowajua majina, na hakuna aliyewahi kuuliza wataondoka lini.

Binti wa Wikioni

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa furaha, baba yangu na kaka yangu, ila naona hadithi zote mbili zimeketi nje, na nje palikuwa pa wanaume. Wanawake wa Lamu nao walikuwa na mahali pao. Nyumba ya bibi yangu iliunganishwa na ya dada yake kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo nilipojifunza kusuka ukili, na ndipo bibi na wenzake walipopatanisha wana na wakaza wana wao. Alasiri upepo ulipita kwa nguvu chumbani humo, nasi tulisikia mazungumzo ya chini bila kuonekana. Mengi yaliyoamuliwa barazani yalikuwa yameshazungumzwa wikioni siku moja kabla.

Siku hizi dada zangu hukutana pia ufukweni Shela, na usiku wa Idi Mkunguni hujaa akina mama na watoto. Nafurahi kwamba mahali pameongezeka, lakini ningependa wanaokarabati nyumba wasilione wikio kuwa ghala la vitu vibovu.

Jirani wa Malindi

Nawasalimu kutoka Malindi. Kwetu wageni hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498, nasi pia huenda huko jioni kupunga upepo. Hata hivyo, mahali ninapopapenda ni karibu na Msikiti wa Ijumaa, penye lile kaburi refu la nguzo lililokuwepo kabla Mreno hajaiona pwani hii. Baba yangu alinisimamisha hapo nikiwa mdogo, akanionyesha nguzo ndefu, akaniambia kwamba mji huu ulikuwa na watu wake na adabu zake kabla ya meli zile. Nimewasimamisha wanangu hapo hapo.

Fundi wa Chokaa

Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni kutengeneza nyumba za zamani, na nimeyajua madaka kwa mikono. Mwenye nyumba akiniita, mara nyingi huniomba nilibomoe daka ili apate chumba cha duka, au nilipake saruji libaki gumu. Hilo la kwanza humsihi asilifanye, maana vile viti viwili vya mawe vinavyotazamana mlangoni ni mahali pa jirani kuketi bila kuingia faragha ya nyumba, na akivivunja, jirani hatapata pa kubisha hodi kwa utulivu.

La pili ni la ufundi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, nao unahitaji kupumua. Chokaa huuruhusu, saruji huufungia maji ndani, lipu ikavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Daka lililopakwa chokaa mnamo msimu wa jua, likamwagiwa maji kidogo kidogo ili lisikauke kwa pupa, litakaliwa na wajukuu. Aliye na daka linalobanduka na awasiliane na fundi anayejua kuloweka chokaa kabla hajanunua mfuko wa saruji, na kama vijana wa mtaa wake wapo tayari kujifunza, mimi niko tayari kuwafundisha papo hapo mlangoni kwake.