Naomba ushauri: siku 14 za baiskeli na hema kando ya mto Loire

Mwendapole
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na mume wangu, wakazi wa Ubelgiji, tumekusudia mwezi Juni kuufuata mto Loire nchini Ufaransa kwa baiskeli, tukilala kwenye hema, tangu Nevers hadi unapoingia baharini karibu na Saint-Nazaire. Njia hiyo hutajwa kuwa na kilomita 900 hivi, nasi tuna siku 14 tu. Mume wangu amezoea safari ndefu, lakini mimi sijawahi kupita kilomita 40 kwa siku, tena bila mzigo. Naomba mnieleze wazi kama jambo hili linawezekana, na kama ni lazima kulipia kambi mapema.

Mzee wa Pedeli
Dada, hesabu yenyewe inakataa. Mkitenga siku 2 za kupumzika mnabaki na 12, na hata mkienda kilomita 50 kila siku, bila pancha wala mvua, mtafikia 600. Anzieni Orléans, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Paris, kisha mshuke na mto kupitia Blois, Tours, Saumur na Angers mpaka Nantes. Kasri la Chambord nalo haliko mbali na njia. Namsihi shemeji akubali kwamba mwendo wako ndio mwendo wa safari, kwa sababu anayeachwa nyuma siku ya kwanza huanza kuichukia baiskeli siku ya tatu.

Mkaazi wa Nantes
Kuhusu umbali naafikiana na Mzee, ila mwelekeo ningeugeuza. Upepo wa huku aghalabu huvuma kutoka baharini, na mwenye mabegi ya pembeni na hema juu ya keria, akielekea magharibi, huupokea kifuani kutwa nzima kwenye kingo zisizo na miti. Anzieni Nantes mwende Orléans. Mwinuko wa bonde ni mdogo mno, hivyo kuelekea mto unakotoka hakuchoshi kama kushindana na upepo.

Kambi za manispaa ni za bei nafuu na nyingi ziko ukingoni mwa mto. Juni, kabla ya likizo ndefu ya shule, mwenye hema dogo kwa kawaida hupata nafasi bila kulipia mapema. Msitegemee kupiga hema popote, kwani bonde hili, kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes, limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na maeneo mengi yana ulinzi wake. Tafadhali pia msioge mtoni hata maji yakionekana yametulia: mchanga wa Loire hudidimia, na mkondo wake umeua watu. Nunueni chakula Jumapili asubuhi, maana vijijini maduka mengi hufungwa mchana huo na Jumatatu.

Bi Safari
Nyongeza moja: treni za kasi hudai nafasi ya baiskeli ikatwe mapema, na si zote zinazozibeba. Kateni tiketi hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Mwendapole
Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea mume wangu maneno ya Mzee, naye amekubali kilomita 45 kwa siku, kutoka Nantes kwenda Orléans. Jumamosi tutapakia mzigo wote, pamoja na jiko na maji, tuzijaribu baiskeli kando ya mfereji.