Umeme ukikatika laptopu inapoteza waifai, ruta iko hewani. Naombeni ushauri

Ng'wanaIgogo:
Mwangaluka wakuu. Nina steshenari Kirumba, jirani na mwaloni, wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na sangara. Ruta nimeifunga kwenye betri ya sola, umeme ukikatika haizimi. Laptopu ina Ubuntu. Ikiwa kwenye chaja mtandao unakimbia. Ikibaki na betri yake, nikigeuka tu kumhudumia mteja, nikirudi ukurasa umekwama. Simu yangu kwenye waifai hiyohiyo haisumbui. Fundi anasema ninunue ruta mpya. Ninunue?

Kamanga_Ferry:
Usinunue! Kama simu inapiga kazi, ruta ina kosa gani? Kwanza sema: umeweka TLP, ile programu ya Linux ya kubana matumizi ya betri?

Ng'wanaIgogo:
Ipo mkuu, mpwa wangu aliweka ili betri idumu.

Kamanga_Ferry:
Basi tumeshamshika mwizi. TLP isipoguswa huiacha kadi ya waifai macho ukiwa kwenye chaja, na huiruhusu kusinzia ukiwa kwenye betri. Kadi ikitaka kusinzia, inaiarifu ruta, na ruta inaanza kuitunzia data zake. Kwa kawaida ruta hutoa tangazo karibu mara 10 kwa sekunde, na ndani yake inataja nani ana mzigo unaomsubiri. Kadi huamka kidogo kusikiliza: ikiitwa inachukua, isipoitwa inalala tena. Draiva (programu inayoendesha kadi) ikiwa nzuri hugundui chochote. Ikiwa mbovu, kadi inapitwa na tangazo, mzigo unakaa mpaka ruta inautupa, na wewe unaona ukurasa umeganda.

Hakikisha kabla ya kugusa kitu. Chomoa chaja, itumie ruta yako ping, yaani ujumbe wa kupima inajibu kwa haraka gani (ping 192.168.1.1 au anwani yoyote inayotumia), acha iendelee. Kisha kwenye dirisha lingine:

`sudo iw dev wlan0 set power_save off`

Jina la kadi yako huenda likaanza na wlp, liangalie kwa `iw dev`. Namba za muda wa ping zikitulia hapohapo, jibu umelipata.

Bugando_Juu:
Mnahangaika bure. Nunua kile kidude cha waifai cha USB, chomeka, endelea na maisha.

Kamanga_Ferry:
Na hicho nacho kinaweza kusinzishwa, Linux ina utaratibu wake wa kulaza vifaa vya USB visivyo na kazi. Utakuwa umenunua ugonjwa uleule.

fundi_wa_Nyakato:
Naongezea. Amri ya iw haidumu, ukiwasha upya imefutika. Kwenye /etc/tlp.conf weka WIFI_PWR_ON_BAT=off. Halafu fungua /etc/NetworkManager/conf.d/ (NetworkManager ndiyo inayosimamia mtandao), Ubuntu ina faili lenye wifi.powersave = 3, yaani kadi isinzie. Weka 2. Ukibadilisha upande mmoja tu, TLP na NetworkManager zitagombana, moja inazima, nyingine inawasha. Kuhusu betri usiogope sana, kioo kinakula kuliko kadi ya waifai. Punguza mwanga.

Mama_Pasiansi:
Na sisi wa Windows jamani?

fundi_wa_Nyakato:
Device Manager, kadi ya waifai, kichupo cha Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi. Laptopu nyingi mpya hazina kichupo hicho, mama, kwa hiyo usipokiona usidhani umepotea. Sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu.

Ng'wanaIgogo:
Wabheja sana. Ping imetulia, na leo umeme umekatika nikaendelea kuchapa kama kawaida. Lakini nikifunga kifuniko na kufungua, waifai haipo kabisa, hata orodha ya mitandao haitokei.

Kamanga_Ferry:
Hiyo ni kesi nyingine. Hapo mashine nzima imelala, na draiva inashindwa kuirudisha kadi kwenye umeme kamili. Ikitokea tena usiwashe upya. Tafuta jina la draiva kwa `lspci -k`, itoe kwa `sudo modprobe -r`, irudishe kwa `sudo modprobe`. Kisha bandika hapa mistari ya mwisho ya `sudo dmesg` (kumbukumbu za mfumo), pamoja na toleo la kerneli yako, yaani kiini cha Linux.