Mjadala: Ufukwe wa wote, ardhi "isiyo na mwenyewe" na kitabu cha Kirumi cha mwaka 533

Mleta mada

Wakuu, kila ukizuka mjadala wa Roma watu wanaanza na mawe. Colosseum, barabara, mifereji ya maji, kuba la Pantheon lenye upana wa mita 43 lililosimama bila nondo tangu enzi za Kaizari Hadrian. Kisha wanakuja wa kalenda: Julai ya Julius Caesar, Agosti ya Augustus. Hayo hakuna anayebisha. Lakini kuba halijawahi kumnyang'anya mtu shamba. Tuongelee sheria, maana ndiko Roma iliko hai mpaka leo.

Mwaka 533 Kaizari Justinian, akiwa Constantinople, makao ya dola ya Roma wakati huo, alitoa kitabu cha kiada cha wanafunzi wa sheria, Institutiones. Fungua sehemu ya pili, mlango wa kwanza. Mwanzoni tu kinasema kuwa kwa sheria ya maumbile vitu vinne ni vya watu wote: hewa, maji yatiririkayo, bahari na, kwa sababu ya bahari, fukwe zake. Kinaongeza kwamba mtu yeyote ruksa kujenga kibanda ufukweni cha kujisetiri, kuanika nyavu zake na kuzivuta kutoka majini. Utadhani aliyeandika alishinda Bagamoyo.

Sasa teremka aya chache, mlango uleule. Mnyama wa porini, ndege au samaki, pindi akamatwapo, ni wa aliyemkamata, kwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe ni haki ya anayekitwaa wa kwanza.

Aya ya kwanza ni ngao ya mvuvi. Ya pili ilianza na samaki ikaishia kumeza nchi. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kule Kongo ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Na "tupu" ilikuja kuwa karibu kila mahali pasipo nyumba wala mazao yaliyosimama: msitu wa kuwinda, shamba lililopumzishwa, pori ambalo wanakijiji walikuwa wakikusanya mpira na asali.

Msimamo wangu: sheria ya Kirumi ifundishwe kwa kina katika vyuo vyetu vya sheria, tena kwa lazima. Siyo kwa kuitukuza. Isomwe kama mdaiwa anavyosoma hati ya deni, neno kwa neno, ajue alifungwa wapi. Anayepinga aje.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Napinga, na nitakuwa mfupi. Unatuingiza kwenye ugomvi usiotuhusu. Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya walipokea yao ya tarehe 12 Agosti 1897. Mahakama za Kiingereza zilijijengea kanuni zao kesi kwa kesi, hazikumeza kitabu cha Justinian kama Wafaransa na Wajerumani. Roma wabaki nayo ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi waliotawaliwa na Mbelgiji. Mwanafunzi wa Mlimani ana mzigo wa kutosha, usimbebeshe na Kilatini.

Mchangiaji, Bukavu

Wandugu, kwa kuwa tumetajwa, ngoja niseme. Huku kwetu sheria ya mikataba na madeni bado ni dikrii (amri ya mtawala) ya tarehe 30 Julai 1888. Ndiyo, ya Leopold. Kifungu cha 258 kila mwanasheria anakijua kwa moyo: kitendo chochote cha mtu kinachomletea mwingine hasara kinamlazimu aliyekosa kulipa. Pikipiki ikikugonga njiani, unaenda tribunali, mahakamani, na 258. Kimechukuliwa kwa Wafaransa, kwenye kodi ya Napoleon, kitabu chake cha sheria za kiraia, ya 1804, na ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye sheria ya Aquilius, Roma, karne ya 3 kabla ya Kristo.

Basi msome sura ya kwanza ya hiyo sheria ya Aquilius. Aliyemuua kinyume cha haki mtumwa wa mtu, au mnyama wa miguu minne wa kundi, atamlipa mwenye mali thamani ya juu kabisa iliyofikiwa katika mwaka ule. Mtumwa na ng'ombe, sentensi moja, bei moja. Leo kanuni hiyohiyo, iliyosafishwa, ndiyo inayomlinda mama muuza ndizi dhidi ya mwenye lori. Mimi ni mtu wa kazi hii na bado sijui kama nicheke.

Lakini sitaki ifutwe. Ni kanuni nzuri. Haiulizi kama wewe ni mtu mkubwa ao mdogo, inauliza kosa, hasara, na kama hasara imetoka kwenye kosa lile. Basi.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi mnanichekesha na huo ufukwe. Wazee wetu walihitaji Justinian kuwaambia bahari ni ya wote? Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Huku pwani mtoto wa madrasa analijua hilo. Na hata kabla ya hapo, mvuvi alipanda na kushuka ufukweni bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa leo tukimshitaki mwenye hoteli aliyejenga ukuta mpaka kwenye maji, wakili anasimama kutaja Roma, na hakimu anaandika Roma, na ada na mila za wazee hazitajwi popote. Hilo ndilo linalonikera. Kitu chetu kinarudishwa kwetu kikiwa na muhuri wa mtu mwingine.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na serikali ya kitaifa inaishika kwa amana ya wananchi. Hiyo yatosha. Nipeni nguvu ya kuitekeleza, Institutiones wekeni kabatini.

Mleta mada

Wa Mombasa, hapo kwenye ada sina ubishi. Ila fikiria kitu kimoja: hata hiyo "Roma" unayoichukia si ya watu wa Roma peke yao. Karibu theluthi moja ya Digesta, mkusanyo mkubwa wa maoni ya wanasheria uliotoka mwaka uleule wa 533, ni maneno ya Ulpian, mtu wa Tiro, Lebanoni ya leo. Chuo cha sheria kilichosifika kuliko vyote enzi hizo kilikuwa Beirut. Vitu hivi vilipikwa na watu wa pwani ya mashariki, kisha Ulaya ikavipigia muhuri. Swali lako la muhuri linawahusu na wao.

Wa Dar, wewe ndiye nilikuwa nakusubiri. Umeanzia 1920 kana kwamba kabla yake palikuwa na pori tu. Mjerumani umemweka wapi? Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaiser kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni ardhi ya Taji. Na wanasheria wa Kijerumani wa kizazi kile walilelewa kwa Digesta. Sehemu kadhaa za Ujerumani zilikuwa zikihukumu kwa sheria ya Kirumi mpaka kitabu chao kipya cha sheria za kiraia kilipoanza tarehe 1 Januari 1900. Kwa hiyo Tanganyika iliingizwa Roma kabla ya Mwingereza kushuka melini.

Chukua na Sheria ya Ardhi ya 1999, nenda kwenye fasili, panapotolewa maana ya maneno. Ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu na si kijiji, inahusisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kisha fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka uleule, Bunge lilelile. Hayo maneno hayamo. Mfugaji wa Kimasai aliyehamisha ng'ombe kufuata mvua, malisho aliyoyaacha nyuma kwa miezi minne "hayatumiki"? Mwekezaji atasoma sheria ya kwanza, kijiji kitasoma ya pili.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mjerumani nakupa. Hilo la fasili mbili nalijua, na ni tatizo kubwa kweli. Lakini mkuu, mwizi hahitaji Kilatini. Mwingereza mwaka 1923 alitunga sheria kwamba ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma iliyo chini ya gavana. Hakusumbuka hata kutafuta iliyo tupu, alibeba yote. Ungemfundisha Roma au usimfundishe, angebeba. Unachofanya ni kuipa tamaa ukoo wa heshima.

Mchangiaji, Bukavu

Mwizi hahitaji Kilatini, kweli. Tribunali inakihitaji. Huku kwetu sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Dola pekee. Ardhi za mila, zile za mwami (mtawala wa jadi) na za familia, kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki zake zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikuja. Sasa mkulima wa Kalehe anakuja mbele ya jaji na shahidi watatu na mti uliopandwa na babu yake, na tajiri anakuja na karatasi ya Dola. Jaji aliyesoma Roma kidogo tu atamtafuta mwenye ardhi kwenye karatasi. Aliyeisoma mpaka mwisho anajua kwamba Warumi walikuwa na usucapio: aliyekaa na kitu kwa nia njema na kwa muda uliowekwa na sheria, kinakuwa chake. Lakini sheria yetu imefunga mlango huo pia, imesema Dola haipotezi ardhi yake kwa sababu ya muda kupita, hata upite wa namna gani. Kwa hiyo wa Dar, niambie: Leopold alichukua kanuni ya samaki, Mobutu akaiacha palepale na kukataa ile ya kukaa. Ni nani aliyetuchagulia?