Dhahabu ya Asante: nani amwazime nani?

Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert, yalipeleka vitu 32 vya kifalme vya Waasante, watu wa Ghana, mjini kwao Kumasi, kwenye makumbusho ya ikulu ya Manhyia. Sisemi vilirudishwa. Viliazimwa, kwa miaka mitatu inayoweza kuongezwa mitatu mingine.

Ukiazima jembe kwa jirani, umekwishakiri jembe ni lake. Ndiyo maana neno hili linaniuma. Vingi kati ya vitu hivi vinatokana na vita vya 1874, askari wa jenerali wa Kiingereza Garnet Wolseley walipoizoa ikulu ya Asantehene (mfalme wa Waasante) Kofi Karikari, wakailipua na kuuchoma mji. Kisha mkataba wa Fomena ukawadai Waasante wakia 50,000 za dhahabu kama fidia ya vita. Aliyeporwa ndiye akalipishwa! Leo mrithi wa kiti hicho, Otumfuo Osei Tutu II, anapewa tarehe ya kurejesha.

Wanaotetea London husema mikono yao imefungwa na sheria ya 1963, inayowazuia wadhamini wa British Museum kutoa vitu vya mkusanyo ila kwa sababu chache. Sheria hiyo ipo, sikatai. Lakini ilitungwa na Bunge lao, na Bunge hilo linaweza kuibadilisha. Februari 2024 hiyohiyo, makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yaliikabidhi Manhyia vitu saba moja kwa moja, bila sharti.

Ujerumani nayo, mwaka 2022, iliihamishia Nigeria umiliki wa sanaa za shaba za ufalme wa zamani wa Benin, uliokuwa Nigeria ya leo, zilizoporwa 1897. Baadhi zimebaki Berlin, ila sasa Berlin ndiyo iliyoazima. Hapo nakubali kuazimana, kwa sababu mwenye mali ametambuliwa kwanza.

Simlaumu Otumfuo. Angesubiri Bunge la Waingereza, huenda wazee wengi wa Kumasi wangezikwa bila kuuona upanga wa kiapo uitwao Mponponso ukiwa nyumbani. Hofu yangu ni kwa watakaodai baadaye: wataonyeshwa mkataba huu wa kuazima na kuambiwa wenzenu waliridhika.

Basi nanyi semeni. Muda ukiisha, Manhyia ifunge makasha, iombe miaka mitatu mingine, au ibaki navyo? Mimi nasema ibaki navyo, na London ikitaka kuvionyesha, ije iazime Kumasi.