Brexit: Ni kelele za Bunge zilizoharibu mazungumzo?

Kila nchi inapotishia kujitoa kwenye jumuiya yake ya kibiashara, hoja hii huibuka upya: katika Brexit, yaani kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, Uingereza iliambulia mkataba mbovu kwa sababu ilibishana yenyewe kwa yenyewe, hadharani, huku upande wa pili ukisikiliza. Wenye hoja hiyo wanataka serikali ikishakwenda mezani, walioko nyumbani wafunge midomo. Mbunge anayetangaza kwamba hatakubali kutoka bila mkataba ameshamwambia mpinzani abane anavyotaka. Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, wanasema, alikuwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, akipigania nchi huku wabunge wa chama chake mwenyewe wakimtilia mchanga kitumbua.

Napinga. Ubishi haukuwa kosa. Kosa ni kwamba ulichelewa kuanza.

Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 iliuliza jambo moja tu, kubaki au kutoka, na 51.9% wakasema kutoka. Kutoka kwenda wapi, haikuulizwa. Norway iko nje ya Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye soko la pamoja, ambamo bidhaa, huduma na watu hupita huru kwa kanuni moja. Uturuki iko nje, ila bidhaa zake nyingi zimo kwenye umoja wa forodha, yaani hazitozwi ushuru ndani na wa nje hutozwa ushuru mmoja. Canada iko nje kabisa na ina mkataba wa biashara tu. Zote tatu ni "nje", na watu milioni 17.4 waliopiga kura ya kutoka kila mmoja alikuwa na "nje" yake kichwani. Januari 2017 May akawachagulia: soko la pamoja hapana, umoja wa forodha hapana. Tarehe 29 Machi akapeleka barua ya kujitoa rasmi chini ya Ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja wa Ulaya, inayotoa miaka miwili ya kumaliza kila kitu, na muda hauongezwi mpaka wanachama wote 27 waliobaki waridhie.

Kabla ya barua hiyo, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba serikali haiwezi kuituma bila idhini ya Bunge. Yaani wabunge walikabidhiwa ufunguo mkononi. Wangeweza kusema: barua haiendi mpaka mtuonyeshe mnaelekea wapi. Badala yake, Februari 2017 muswada ulipita hatua yake ya kwanza ya kura kwa 498 dhidi ya 114, wengi wa Labour, chama kikuu cha upinzani, wakiwamo. Waliogopa kuitwa wasaliti wa wananchi, nadhani, na woga huo ndio uliowagharimu kuliko kelele zote zilizofuata.

Sasa angalia jambo ambalo wapinzani wangu huliruka. Umoja wa Ulaya ulitaka kwanza yamalizwe mambo matatu (haki za raia, fedha ambazo Uingereza ilikuwa inadaiwa, na mpaka kati ya Ireland, mwanachama wa Umoja huo, na Ireland Kaskazini, sehemu ya Uingereza) ndipo biashara izungumzwe. David Davis, waziri wa Brexit, alishatamba kwamba utaratibu huo ungezua ugomvi wa msimu mzima. Akakutana na Michel Barnier, mjumbe mkuu wa Umoja wa Ulaya kwenye mazungumzo, tarehe 19 Juni 2017, na siku hiyohiyo ya kwanza akaukubali. Bunge jipya lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi. Mbunge gani alimbana hapo? Kweli, May alikuwa ametoka kupoteza wingi wa viti siku chache nyuma, lakini uchaguzi ule aliuitisha yeye mwenyewe.

Na hao wa Brussels wanaosifiwa kwa umoja wao hawakuwa wakifanya siri. Maagizo ya Barnier yalichapishwa, mtu yeyote aliweza kuyasoma. Siri ilikuwa London. Desemba 2018 wabunge walilazimika kupiga kura, 311 dhidi ya 293, kwamba serikali imelidharau Bunge kwa kuficha ushauri kamili wa mwanasheria mkuu, Geoffrey Cox. Ulipotolewa siku iliyofuata, watu wakajua kwa nini ulifichwa. Ili kusiwe na vizuizi kwenye mpaka wa Ireland, wenye urefu wa karibu kilomita 500, mkataba wa May ulikuwa na kifungu cha tahadhari cha kuibakiza Uingereza nzima ndani ya mpango wa forodha wa Ulaya, na Cox alishamwandikia kwamba kifungu hicho kingeweza kuendelea bila ukomo. Mwezi uliofuata mkataba ukaangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Nani alimharibia mwenzake hapo?

Kuna sehemu nawapa haki yao. Tarehe 1 Aprili 2019 pendekezo la kubaki kwenye umoja wa forodha lilishindwa kwa 273 dhidi ya 276. Kura tatu! Na wapo waliolikataa, au waliokaa pembeni, kwa kuwa walitaka kura ya maoni ya pili na si vinginevyo. Ule ulikuwa ukaidi mtupu. Lakini mara ya kwanza Bunge kupigia kura orodha ya njia mbalimbali ili lijulikane linataka nini ilikuwa tarehe 27 Machi 2019, siku mbili kabla ya tarehe ya awali ya kutoka.

Mtaniambia Boris Johnson, aliyemrithi May, aliwanyamazisha akafanikiwa. Alipata mkataba kwa kukubali ukaguzi wa bidhaa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, jambo ambalo May alisema hakuna waziri mkuu wa Uingereza angelikubali. Februari 2023 suala hilohilo likarudi mezani na kupangwa upya.

Mwingine ataleta mfano wa Tanzania, iliyotoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 bila purukushani kama hizo. Ilitoka kabla hata eneo huru la biashara la COMESA halijaanza, Oktoba mwaka huohuo. Uingereza ilikuwa na zaidi ya miaka 40 ya sheria zilizosukwa pamoja na za wenzake. Hilo huwezi kulifumua kimyakimya.

Anayesema Bunge lilipaswa kunyamaza basi aseme, linyamaze kuanzia lini? Maana Februari 2017 lilinyamaza, na saa ikaanza kuhesabu.